Kwenda Watatu, Kurudi Wanne

Juni 1, Alhamisi

Leo ni Siku ya Watoto. Cholu amerudi kutoka shuleni na puto na soksi mpya. Mimi sikupewa kitu. Mtu wa miaka kumi na mitano mwenye mtihani mwezi huu si mtoto tena, ni mgonjwa: anapikiwa peke yake, anafungiwa mlango polepole, na watu wakipita chumbani kwake wananyata.

Mama alipiga simu tukiwa mezani. Yuko Ansan, Korea, mwaka wa sita sasa, na uso wake kwenye simu huwa unakatika katikati ya neno.

"Miran, ukimaliza mtihani tunaenda bustanini. Ile kubwa, yenye ngome na treni za kupinduka. Sote wanne. Panga wewe, si wewe ndiye msomi?"

Nilisema, "Ya Shanghai?"

"Shanghai bei yake ya kupasua kichwa. Dalian. Mimi nitakuja kwa meli moja kwa moja, nyinyi mtakuja kwa treni."

"Halafu?"

"Halafu nitarudi nanyi nyumbani, Yanji. Nitakaa mpaka sikukuu ya mwezi mpevu, tutengeneze keki pamoja."

Nimeandika kwenye jalada la ndani la daftari hili: KWENDA WATATU, KURUDI WANNE. Nimeandika kwa Kikorea, lugha yetu ya nyumbani, sisi Wakorea wa China. Ratiba na bei nitaandika kwa Kichina, maana kwa Kichina siwezi kulia, kila sentensi inatoka kama tangazo la stesheni.

Juni 3

Tiketi ya bustani ni nusu kwa mtoto asiyefika mita moja na sentimita arobaini. Hawaangalii umri, wanaangalia urefu, pale pale getini. Nimemsimamisha Cholu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, nikaweka kitabu kichwani, nikapiga mstari. 138.4.

"Usikue," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Agosti."

"Basi mwambie Bibi apunguze wali."

Bibi akajibu kutoka jikoni, "Wali haupunguzwi kwa ajili ya geti la mtu."

Juni 9

Siku yangu ya kuzaliwa. Hakuna supu ya mwani, ingawa kwetu kila mwenye siku yake huinywa. Bibi ameikataa katakata: mwani unateleza, na mtahiniwa akiunywa anateleza nao. "Utakunywa ukishafaulu." Nimekula yai.

Juni 11

Cholu 138.5. Mama ameuliza namba ya viatu ya Cholu.

Juni 17

Lazima niungame kitu. Mimi siwezi kuongea na watu nisiowajua. Si kwamba sitaki. Nikifika mbele ya muuzaji maneno yote mawili, la Kikorea na la Kichina, yanataka kutoka kwa pamoja na yanakwama mlangoni kama watu wanene. Tangu Cholu ana miaka minne yeye ndiye mdomo wangu. Namnong'oneza, anasema. Leo dukani nilimnong'oneza "kalamu nyeusi mbili," na yeye akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Dada yangu bubu anataka kalamu nyeusi mbili, na mimi nataka barafu ya embe!" Barafu sikuitaja.

Mwenye duka alicheka. Nilimfinya Cholu sikio mpaka nyumbani, lakini barafu nililipa.

Juni 25, Jumapili

Mtihani, siku ya kwanza. Tulipangiwa kuufanyia Shule ya Kwanza ya Sekondari, ile ile ninayoitaka. Bibi aliamka mapema akatwanga mchele wa kunata, akabeba keki ndani ya kitambaa. Ukuta wa geti ulikuwa umejaa bibi za watu. Kila mmoja anabandika keki yake ukutani na kuikandamiza kwa kiganja, ili mtoto wake anate kwenye shule asianguke. Ya Bibi ilianguka mara mbili. Mara ya tatu aliipiga ngumi.

"Shika hapo!" akaiambia keki, si mimi.

Baba alisimama upande wa pili wa barabara na kofia yake mkononi. Hakunitazama. Nilidhani ana wasiwasi na hesabu zangu.

Juni 27

Nimemaliza. Mvua.

Julai 2

Mvua. Cholu 138.9. Nimemfundisha kujikunja. Siri si kupiga magoti, kila mtu anaona. Siri ni kulegeza: unalegeza shingo, mgongo na magoti kila kimoja kidogo, huku unatabasamu, na suruali iwe pana. Tulifanya mazoezi saa nzima. Mimi nilikuwa mlinzi wa geti.

"Mtoto, simama vizuri."

"Nimesimama, afande."

"Mbona unatabasamu?"

"Nimefurahi kuja bustanini, afande."

Ni hodari. Alishuka sentimita mbili na nusu na sikuona alipozificha.

Julai 10, Jumatatu

Nimefaulu. Shule ya Kwanza. Bibi alipiga makofi, akanipa bahasha nyekundu ya pesa aliyokuwa ameitayarisha tangu majira ya baridi, akaingia chooni na kukaa humo kwa muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Baba alisema, "Hongera," akaenda kutengeneza mabomba ya kupasha joto sakafu za watu, Julai, wakati hakuna anayewasha sakafu.

Mama kwenye simu alilia. "Sasa roho yangu imetulia," alisema. "Wewe sasa una njia yako."

Nimeliandika neno hilo kwa sababu lilinipendeza.

Julai 11

Nilimkumbusha Bibi supu ya mwani. Akasema kesho.

Julai 19

Mvua. Nimepata siku ya nafuu: Jumanne, Agosti 22. Treni ya kawaida yenye vitanda vigumu, si ile ya kasi. Hoteli ya stesheni, chumba kimoja. Mayai, wali wa kukunja na kabichi ya kimchi kutoka nyumbani, kwa sababu ndani ya bustani hata maji yana bei ya divai. Nimemsomea Baba mpango wote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umepanga vizuri kuliko mtu mzima," alisema.

"Kurudi nimeweka vitanda vinne vya jirani. Mama alale chini, mgongo wake."

Akavaa kofia yake. Tulikuwa ndani ya nyumba.

Julai 24

139.4. Cholu amepigwa picha ndogo zenye ukuta mweupe nyuma. Nilimuuliza za nini. "Za maktaba," akasema, huku anatabasamu.

Julai 30

Sijui kwa nini Bibi anampikia Cholu tu. Jana uduvi, leo tambi baridi zenye vipande viwili vya nyama. Nimewaza mawazo ya choyo. Nimewaza: mimi ndiye niliyefaulu, yeye amefanya nini zaidi ya kurefuka? Naona haya, lakini daftari si la kupambwa.

Agosti 3, Alhamisi

Mvua tangu asubuhi, mto umejaa. Leo nimenunua tiketi za bustani kwa simu. Tiketi zinataka namba ya kitambulisho ya kila mtu. Ya Baba ikakubali, yangu, ya Cholu. Ya Mama sikuwa nayo, nikamwandikia. Alikaa saa tatu bila kujibu, kisha akatuma namba ya pasipoti. Nikaiingiza. Ikakataa. Nikaingiza tena. Ikakataa.

Nikamnong'oneza Cholu, akapiga simu ya huduma akaweka sauti ya juu. Dada wa upande wa pili alisema, "Nisomee namba."

Cholu akasoma. Inaanza na M.

"Hiyo si pasipoti ya China, mdogo wangu. Hiyo ni ya Korea. Chagua pale palipoandikwa mgeni."

Cholu akasema asante, akakata.

Sasa niandike jambo lililonitia baridi. Si ile M. Ni Cholu. Mtoto huyu akiambiwa kwamba paka amejifungua anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Leo ameambiwa mama yake ni mgeni, na ametazama vidole vya miguu yake.

"Ulijua?"

"Mimi nataka maji," akasema.

Nikachagua pale palipoandikwa mgeni. Ikakubali mara moja.

Agosti 4, Ijumaa

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Baada ya chakula cha mchana nilimwonyesha Baba vitanda vya treni kabla sijalipa. Kwenda vitatu, kurudi vinne. Cholu alikuwa nje na baiskeli. Baba alitazama simu yangu, akasema polepole:

"Vya kurudi nunua viwili."

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikamhesabia kwa vidole kama anavyohesabiwa mtoto. "Wewe. Mimi. Cholu. Mama."

"Viwili, Miran."

Bibi alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuacha kumenya.

Baba hajui kusimulia. Alitoa kipande kimoja kimoja, kama anavyotoa kutu kwenye bomba. Kwamba yeye na Mama waliachana miaka minne iliyopita. Kwamba ilikuwa talaka ya karatasi tu, ili Mama aolewe kwa karatasi na mtu wa Ansan, apate kibali cha kukaa, kisha amalizane naye arudi. Watu wengi wa mtaa wetu wamefanya hivyo.

"Halafu?"

"Halafu karatasi ikaota mizizi."

"Na Cholu?"

"Cholu anakwenda naye. Meli ya tarehe ishirini na tatu."

Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Sauti yangu ilitoka ndogo sana. Aliyejibu ni Bibi, huku akivitazama vitunguu vyake.

"Ulikuwa na mtihani. Mwenye mtihani haambiwi kitu."

"Mtihani uliisha Juni."

"Tukangoja matokeo."

"Matokeo yalikuja Julai."

"Tukasema, basi, mtoto aione bustani kwanza."

"Nani mtoto?"

Kisu kikasimama.

"Kwa nini yeye, Bibi? Kwa nini si mimi?"

Naye, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, akasema, "Wewe umefaulu, mwanangu. Nani anamwondoa mtoto Shule ya Kwanza? Ungeanguka, labda."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Nilikosa usingizi miezi minane. Nilikariri milima, wafalme na chumvi za kemia. Nilidhani nasomea safari ya kumleta Mama nyumbani, kumbe nasomea kuachwa. Kila alama niliyopata ilikuwa msumari.

Nikampigia Mama. Alijua kabla sijafungua mdomo.

"Huyu mtu amekubali mmoja," akasema. "Mmoja tu, mdogo. Nimembembeleza mwaka mzima. Miran, wewe ni mkubwa, unaelewa."

"Ulisema utarudi nasi."

"Ningekuambiaje kabla ya mtihani?"

"Ulisema keki za mwezi mpevu."

Uso wake ukakatika. Sijui kama ni mtandao au ni kidole chake.

Na la mwisho, ambalo linauma kuliko yote. Cholu aliporudi na tope mpaka masikioni nilimvuta nyuma ya mlango. "Tangu lini?"

"Tangu maua ya pichi."

Aprili! Alikuwa anajua tangu Aprili. Nilipompima alikuwa anajua. Alipokuwa ananiita afande alikuwa anajua.

"Mama alisema nikikuambia utaanguka mtihani na itakuwa kosa langu," akasema. "Dada, nilikuwa nalegeza. Kila kitu kidogo kidogo. Ulivyonifundisha."

Sikumpiga. Nilitaka.

Agosti 5

Siongei na mtu yeyote. Hawajaona tofauti.

Agosti 8

Wamesema naweza kubaki nyumbani kama sitaki kwenda. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayeomba nikubali.

Agosti 12

Nitakwenda. Mpango ni wangu. Nimechoka kuwa mtu anayefungiwa mlango polepole.

Na nimefanya jambo. Nimechukua bahasha nyekundu ya Bibi nikanunua vitanda vinne vya kurudi. Kwa majina: Hyeon Miran, Hyeon Cholu, Baba, na Mama kwa ile namba ya M. Ni ujinga wa hali ya juu, najua. Lakini wote wamenidanganya kwa mipango, acha na mimi nidanganye kwa wangu.

Agosti 19

140.3. Amepita. Nilishika penseli nikaangalia mstari ule, na Cholu akaniuliza, "Nimeharibu?"

Nikasema hapana. Ni neno la kwanza nililomwambia kwa wiki mbili.

Agosti 22, Jumanne

Dalian. Jua kali, hakuna wingu hata la dawa.

Mama alikuwa anatungoja getini. Ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Au mimi nimekua bila mtu kunipima. Alimkumbatia Cholu, kisha akanikumbatia mimi, na nilisimama kama mwimo. Ananuka sabuni ya nyumba nyingine. Alileta viatu. Vya Cholu vilimkaa sawasawa. Vyangu havikupita kisigino.

"Namba yako si thelathini na tano?" akauliza.

Ilikuwa, nikiwa na miaka tisa.

Baba akasema vitanyooka. Mama akasema ndiyo, ngozi inanyooka. Lilikuwa jambo la kwanza wote wawili kukubaliana mbele yangu baada ya miaka sita.

Mlinzi wa geti alikuwa mwanamke mnene mwenye feni ndogo shingoni. Akamwelekeza Cholu kwenye fimbo ya kupimia. Cholu akaenda, akalegeza shingo, mgongo, magoti, akatabasamu. Sikuona alipozificha sentimita. Nikatamani kupiga kelele: mwangalieni, anadanganya, mimi ndiye mwalimu wake.

"Mia moja thelathini na nane," akasema mlinzi. "Pita, kijana. Mbona unatabasamu?"

"Nimefurahi kuja bustanini," akasema Cholu. Kisha akageuka kunitafuta kwa macho, na hakuwa anatabasamu tena.

Bustani ni nzuri. Ngome ipo. Treni ya kupinduka tulipanda wawili, mimi na yeye, Baba na Mama wakabaki chini kwenye benchi moja, katikati yao mfuko wa mayai. Tulipofika juu kabisa, kabla ya kuanguka, niliwaona hivyo, wadogo, kama wameshuka kituo kimoja kwa bahati. Cholu aliniuliza kitu sikukisikia. Ndipo tukaanguka, nikapiga kelele na sauti yangu yote, na hakuna aliyejua kwamba haikuwa ya treni.

Tulikula wali wa kukunja kwa kujificha, tukiwa wima, maana ndani hairuhusiwi chakula kutoka nje. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Hilo ndilo baya.

Agosti 23, Jumatano

Bandarini. Mama alinishika mikono akasema, "Ukimaliza sekondari utakuja chuo kikuu huku. Miaka mitatu tu." Nilimtazama mdomo. Nilikuwa naangalia ni wapi analegeza.

Cholu alikuwa amevaa viatu vipya na begi kubwa kuliko mgongo wake. Akanivuta chini ili aninong'oneze, yeye sasa.

"Dada, nani atakusemea?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumuumiza. Niliyatayarisha kwa Kichina, yawe safi. Hayakutoka. Nikamwambia tu, "Huko hakuna geti. Simama wima."

Akasimama wima. Akaenda hivyo hadi kwenye mlango wa abiria, shingo ndefu kama bata, hakugeuka, kwa sababu mtu akigeuka anapungua.

Ndani ya treni, Baba aliona vitanda vinne kwenye simu yangu. Alipanda kile cha juu akageukia ukuta. Nikakaa kwenye changu. Mbele yangu vile viwili, cha chini na cha kati, shuka zimekunjwa, mto juu yake.

Treni ilipoondoka akaja mzee mmoja mwenye tiketi ya kukaa na mke anayechechemea. Akaangalia vile vitanda, akaniangalia.

"Binti, hapa pana watu?"

Nikageuka kumtafuta Cholu ubavuni kwangu. Nimeandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niligeuka kabisa, mdomo tayari kunong'ona.

Mzee akangoja. Maneno yote mawili yakaja mlangoni, la Kikorea na la Kichina, wanene kama kawaida yao. Nikalisukuma moja.

"Pana watu," nikasema.

"Wako wapi?"

"Hawajapanda."

"Basi mke wangu akae mpaka wapande?"

Mguu wa mkewe ulikuwa umevimba. Niliutazama. Nikasema, kwa sauti ambayo watu wa vitanda vya jirani waliisikia, "Kile cha chini akae. Kile cha kati hapana. Kile ni cha mdogo wangu."

Alikaa. Hakuna aliyekigusa cha kati mpaka Yanji.

Agosti 24

Bibi alikuwa amepika supu ya mwani. Akaweka bakuli mbele yangu, akasimama.

"Sasa unaweza kuteleza," akasema, akajaribu kucheka.

Nilikunywa yote. Nilikuwa na njaa. Sijamsamehe.

Septemba 1, Ijumaa

Siku ya kwanza, Shule ya Kwanza ya Sekondari. Keki za ukuta wa geti zimekwanguliwa zote, lakini pale Bibi alipopiga ngumi pamebaki doa jeupe, lenye alama za vifundo vinne. Wenzangu walipita. Mimi nilisimama nikalikwangua kwa ukucha.

Halitoki. Limenata.